Makambi ya Kiangazi katika Nchi ya Ugogo

Katika nchi ya Ugogo, iliyo kitovu cha uwanda wa juu wa Tanzania, mwaka una majira mawili makubwa: masika, yanayoanza Desemba na kwisha Aprili, ambayo mkulima wa uwele na mtama huwa mtumwa wa shamba lake tangu alfajiri hadi magharibi; na kiangazi, kinachoanza Mei na kuendelea hadi Novemba, ambacho mvua hainyeshi asilani, mito hugeuka makorongo ya mchanga mtupu, na watu, wakiisha kuvuna na kuhifadhi nafaka yao vilindoni, hupata faragha ya kuoa na kuoza, kuwatia wana jandoni, kuzuru jamaa wa mbali, na kucheza ngoma mpaka kucha. Mvua yote ya mwaka mjini Dodoma aghalabu haifiki milimita 600, na hiyo nayo huja kwa kusuasua. Hesabu hii ya maji na vumbi ndiyo iliyotawala kazi za wamisionari wa Kikristo katika nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Na mtu akitaka kuandika tarikhi ya makambi yao, yaani ile desturi ya kuwakusanya watu, hususan vijana, mahali pamoja kwa siku kadha wa kadha ili wafundishwe, waimbe, wale na walale pamoja, hana budi kuanza na kiangazi kabla hajafika kwa askofu yeyote.

Wako wasemao kwamba makambi ya dini ni kitu kilicholetwa na Wazungu kikiwa kamili, kama cherehani au baiskeli. Rai hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu ya pili tutaipata tukiwafuata wamisionari wenyewe njiani, tuone walilala wapi, na nani aliyewafundisha kulala hapo.

Wajumbe wa kwanza wa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, ambacho watu wa bara wamezoea kukiita CMS, walipita Mpwapwa mwaka 1876 wakiwa safarini kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mwaka uliofuata mmoja wao, Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti ambaye mikono yake ilipenda nyundo sawasawa na Biblia, alikata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa, kazi kubwa ambayo mbung'o waliifanya kuwa hasara kwa kuwaua ng'ombe wenyewe. Na mwaka 1878 Dakta Edward Baxter akafanya maskani pale pale Mpwapwa, mahali ambapo misafara ilikuwa ikipumzika na kujaza maji kabla ya kuikabili nyika ya Marenga Mkali, ambayo msafiri asiyejiandaa hakutoka ndani yake salama. Mbele ya nyika hiyo ilianza nchi ya watemi wa Ugogo, waliotoza hongo kwa kila msafara uliopita, nao walikuwa na hoja, maana maji waliyokunywa wageni yalikuwa maji ya visima vya wenyeji na ng'ombe wao, na kisima cha kiangazi hakina ziada.

Basi mmisionari wa siku zile hakuvumbua kambi, aliikuta. Aliikuta kambi ya msafara ikiwa na sheria zake zilizotangulia kuzaliwa kwake: kirangozi mbele na bendera yake, mizigo kupangwa katikati, boma la miiba kuzungushwa kabla jua halijatua kwa sababu ya fisi na chui, moto kuwashwa kwa makundi kufuata kabila na urafiki, na mtu wa zamu kukaa macho. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa mabingwa wa njia hiyo, walijua ni mti gani una kivuli cha kweli saa sita za mchana na ni mti gani unadanganya. Walijua kwamba chini ya mbuyu mkubwa pana nafasi ya watu wengi ila pana mende na kupe pia. Mwinjilisti aliyetoka Uingereza na hema lake la turubai jeupe alikuwa mwanafunzi katika madrasa hiyo, naam, tena mwanafunzi mzito. Alipoanza baadaye kuzunguka katika vijiji vya Ugogo kwa ajili ya kuhubiri, alizunguka kwa kanuni za msafara, na alizunguka wakati wa kiangazi, kwa kuwa wakati wa masika njia hufungwa na tope, na hata angefika salama asingemkuta mtu nyumbani.

Vituo vikaongezeka kidogo kidogo. Baada ya Mpwapwa vikafuata Mamboya katika nchi ya Wakaguru, na Kisokwe, na Kongwa. Kisha Mvumi mwaka 1900 na Buigiri mwaka 1901, ambavyo viliingia ndani ya moyo wa Ugogo. Kila kituo kilikuwa na nyumba ya Bwana, kanisa la udongo, shule na zahanati, na kuzunguka kila kimoja kulikuwa na shule ndogo za vijijini zilizosimamiwa na walimu Waafrika, ambao elimu yao haikuwa nyingi na mshahara wao haukuwa kitu. Mara kiangazi kilipoingia, mmisionari alifunga safari ya kuzikagua. Alifika kijijini alasiri, akamsalimu mtemi au jumbe wake kwa taadhima na zawadi ya nguo au chumvi, akaomba mahali pa kusimamisha hema, na jioni ilipofika watu walikuja, wengine kwa ajili ya neno na wengine kwa ajili ya taa ya picha, lile sanduku la mafuta na kioo lililotupa sura za manabii na za mji wa Yerusalemu juu ya shuka jeupe lililotundikwa kwenye ukuta wa tembe. Siku mbili tatu baadaye hema lilikunjwa, na mwalimu wa kijiji akabaki peke yake kujibu maswali yote ambayo picha zile ziliyaamsha. Katika habari zilizopelekwa Ulaya jina lake aghalabu halikuandikwa.

Walakini kiangazi hicho hicho kilikuwa na mwenyewe tayari. Wagogo waliwatahiri wana wao baada ya mavuno, na wavulana walikaa katika kibanda cha jandoni nje ya kijiji kwa muda, wakiuguza majeraha, wakifundishwa nyimbo, mafumbo, adabu mbele ya wakubwa, na siri za utu uzima, chini ya wazee waliojua wanachokifanya. Ikiwa kambi ni kuwatoa vijana majumbani mwao, kuwaweka pamoja mahali pa faragha, kuwanyima baadhi ya raha, kuwafundisha kwa nyimbo na kuwarudisha wakiwa watu wengine, basi Ugogo ulikuwa na kambi zake bora kabla ya Mzungu wa kwanza kuuona. Wamisionari wa CMS, waliokuwa Waprotestanti wakali, waliitazama ngoma ya jandoni kwa jicho baya na kuwaonya Wakristo wao wasiikaribie. Kusini, katika nchi ya Masasi, wenzao wa UMCA, misioni nyingine ya Kianglikana, walichukua njia nyingine: Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alifanywa askofu wa kwanza wa Masasi, aliichukua jando yenyewe, akaiwekea sala na kasisi na kuiondolea yale aliyoyaona hayapatani na imani, hata wavulana wa Kikristo wakawa na jando yao iliyobarikiwa kanisani. Wako waliomlaumu kwa kuchanganya maji na mafuta. Kwa rai yangu yeye alikuwa msomi kuliko wakosoaji wake, maana alitambua kwamba mahali pa kambi palikwisha kujaa, na kwamba mgeni akitaka kuketi ni lazima aulize nani ameketi hapo kwanza. Ugogoni jambo hilo lilichukua miaka mingi zaidi kufahamika, na lilifahamika kwa njia ya mzunguko.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Nchi ilikuwa ya Wajerumani, na wamisionari wa Kiingereza wakawa maadui waliokaa ndani ya nyumba. Wakakusanywa Kiboriani, juu ya milima ya Mpwapwa, ambako misioni ilikuwa na nyumba ya kupumzikia wagonjwa, kisha wakapelekwa kifungoni Tabora, wakakaa huko hata majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji huo Septemba 1916. Walimu wao Waafrika hawakupata hata nafasi ya nyumba ya mlimani: walitiwa minyororo wakituhumiwa ujasusi, wakapigwa, na wako waliokufa. Vita vilipokwisha kuipita nchi hiyo ikafuata njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, tangu 1917 hadi 1920, iliyosababishwa kwanza na majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na pili na mvua iliyokataa; mwanahistoria Gregory Maddox ameandika kwamba katika watu wapatao 150,000 wa nchi hiyo, labda 30,000 walikufa. Makanisa yalibaki mikononi mwa watu wachache, na wachache hao walikuwa wenyeji. Andrea Mwaka na Haruni Mbega, ambao walikuwa walimu kabla ya vita na waliyaona mateso kwa macho yao, waliwekewa mikono mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakawa miongoni mwa makasisi wa kwanza wa Kiafrika katika misioni hiyo. Na jina la Mwaka lingali juu ya mlango wa shule moja mjini Dodoma. Mtu akiuliza ni nani aliyelishika kanisa la Ugogo wakati Wazungu wako kifungoni na chakula kimekwisha, jibu liko hapo.

London ilikuwa imechoka. Misioni ya Tanganyika ilikuwa maskini, mbali, na yenye watumishi wachache, na palikuwa na mazungumzo ya kuiacha kabisa, ndipo Wakristo wa Australia walipojitokeza kuibeba. Mwaka 1927 George Alexander Chambers, kasisi wa Sydney aliyeanzisha huko shule ya wavulana mwaka 1913, aliwekwa wakfu Canterbury awe askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Tanganyika ya Kati, na makao yake yakawa Dodoma, mji ambao wakati huo ulikuwa stesheni ya reli, boma la serikali, maduka ya Wahindi na upepo. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 kanisa kuu lenye kuba lilisimama hapo, na tangu hapo hadi mwaka 1971 maaskofu watatu waliotoka Australia walifuatana: Chambers mwenyewe, William Wynn Jones, na Alfred Stanway.

Waaustralia hawa ndio walioleta makambi kwa maana ya siku hizi, na asili ya jambo hilo inafaa kuelezwa. Mwaka 1868, katika ufukwe wa Llandudno huko Wales, Mwingereza mmoja jina lake Josiah Spiers aliandika juu ya mchanga maneno ya kuwa Mungu ni upendo, akawaalika watoto waliokuja likizoni na wazazi wao wayapambe kwa vijiwe, magugu ya bahari na kombe. Watoto wakaja, akawasimulia hadithi za Biblia, na kutokana na mchezo huo wa mchanga ikakua kazi kubwa ya kuwahudumia watoto wakati wa likizo, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kote duniani kuwa Umoja wa Kujisomea Biblia. Kazi hiyo ilivuka bahari ikafika Australia, na mwaka 1930 Howard Guinness, kijana Mwingereza mwenye bidii ya moto, alianzisha huko Sydney umoja wa wanafunzi wa shule ambao makambi ya likizo yalikuwa uti wa mgongo wake. Muuguzi, mwalimu au kasisi aliyetoka Sydney au Melbourne kuja Dodoma katika miaka hiyo alikuwa amekulia katika mambo hayo: hema, bahari, nyimbo fupi za vitendo, michezo ya asubuhi na mahubiri ya usiku.

Lakini tazama tofauti. Likizo kubwa ya Australia ni Desemba na Januari, wakati wa joto lao, na ndipo vijana wao hufanya kambi. Ilhali Desemba na Januari Ugogo ni wakati wa kupanda na kupalilia, na mzazi wa Kigogo ambaye angemruhusu mwanawe kuacha jembe akaimbe chini ya mti mwezi Januari angehesabiwa kuwa ameingiwa na wazimu. Mwenye kuzoea kambi ya kwao hakuwa na budi kuigeuza kalenda yake juu chini. Kambi ya Ugogo ilikuwa kambi ya Juni, Julai na Agosti, wakati ambao usiku wa uwanda wa juu una baridi ya kumtetemesha mtu, upepo wa mashariki hubeba mchanga hadi ndani ya uji, na bahari ni kitu kinachosimuliwa.

Hapo ndipo maji yalipokuwa jambo la kwanza kabla ya mahubiri. Katika mwezi wa Agosti maji ya Ugogo hukaa chini ya mchanga wa korongo. Mama huenda hapo jogoo wa kwanza akiwika, akiwa na kata ya kibuyu na debe au mtungi, akashuka katika shimo ambalo jana lilikuwa na kina cha kiuno na leo lina kina cha bega. Hukwangua mchanga wenye unyevu, akauketia, akangoja maji yajichuje polepole yenye rangi ya maziwa, akayachota kata moja moja, na huku wenzake wamepanga foleni juu yake wakizungumza kwa sauti ya chini ili kisima kisikasirike, kama wazee walivyokuwa wakisema. Ukikadiria kwamba mtu mmoja kambini anahitaji nusu debe kwa siku kwa kunywa, kupikiwa na kunawa uso tu, kambi ya watu 200 inataka madebe 100 kila siku, na kila debe ni kichwa cha mama mmoja na safari moja ya korongoni, isipokuwa pale ambapo punda walipatikana. Kambi ya siku tano ni madebe 500. Katika barua za furaha walizoandikiwa marafiki wa kwao, wamisionari walitaja nyimbo na walioamua kumfuata Kristo. Yale madebe 500 hayakutajwa sana, ingawa bila hayo pasingalikuwa na wimbo hata mmoja.

Vivyo hivyo chakula. Unga wa uwele ulisagwa kwa jiwe siku nyingi kabla ya wageni kufika, na mboga ilikuwa mlenda uliokaushwa tangu masika, na mara moja moja mbuzi aliyetolewa na mzee wa kanisa au hata na mtemi asiyebatizwa, kwani mgeni ni mgeni. Mtemi Mazengo wa Mvumi, aliyetawala miaka mingi na kufariki mwaka 1967, aliishi na misioni mlangoni mwake karibu maisha yake yote, na hakuna kitu kikubwa kilichofanyika Mvumi pasipo idhini yake. Kipande cha reli kilichotundikwa kwenye tawi kilikuwa kengele. Kiswahili kilitumika kwa masomo na Kigogo kikatumika motoni usiku. Na usiku ndipo mambo yenyewe yalipozungumzwa, maana Agano Jipya la Kigogo lilikwisha kuwako tangu kabla ya karne ya 20 kuanza, na mzee aliyelikariri alikuwa na hadhira kuliko mhubiri mwenye kinanda cha kukunja.

Mvumi pia ndipo alipofanya kazi daktari Paul White, tangu mwaka 1938 hadi 1941, akarudi Australia kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe, akawa kiongozi wa umoja wa wanafunzi Wakristo wa huko na msimulizi wa redioni aliyewapendeza watoto wa mataifa mengi kwa hadithi zake za daktari wa porini. Ngano alizotunga baadaye za nyani, twiga na kiboko zilikuwa na sura ya hadithi za jioni za Kiafrika, ambamo mjinga huumbuka mbele ya watu na msikilizaji huachiwa ajifundishe mwenyewe. Watoto wa Australia wakazisikiliza katika makambi yao ya ufukweni.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, halikutoka Sydney wala London. Lilitoka Rwanda. Uamsho ulioanza Gahini katika miaka ya 1930 na kuwaka katika mkutano wa Kabale mwaka 1935 uliingia Tanganyika kupitia chuo cha Katoke upande wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, na kutoka huko ukashuka hadi Dodoma. Watu wa uamsho, ambao wengine waliwaita Walokole na wenyewe waliitana ndugu, walikuwa na mikutano yao ya siku kadhaa, na tofauti ya mikutano hiyo na kambi za wamisionari ilikuwa dhahiri: hapakuwa na mwenyeji mmoja mwenye mamlaka. Mtu yeyote, awe askofu au mpishi, Mzungu au Mwafrika, aliweza kusimama akaungama dhambi yake hadharani, akataja jina la aliyemwibia na kiasi cha fedha, na mkutano mzima ukaimba wimbo wao wa sifa, Tukutendereza. Wako wamisionari waliokwazika na wako waliotubu; na yule aliyetubu mbele ya mpishi wake hakuweza tena kumwamuru kwa namna ile ya jana. Hiyo ndiyo njia ya mzunguko niliyoitaja hapo nyuma.

Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia alikuja Dodoma mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, jina lake Festo Kivengere, pamoja na mkewe Mera, akafundisha katika shule ya sekondari ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na ambayo majengo yake leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikaa zaidi ya miaka kumi. Yeye naye alikuwa mmisionari, tena mmisionari kamili, ila hakuja na hema wala wapagazi: alikuja na ulimi wa moto, ucheshi, na uwezo wa kuchukuliana na vijana wa kila kabila katika likizo na mikutano yao. Rafiki wa uamsho huo alikuwa Yohana Omari, mtu aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, ambaye tarehe 15 Mei 1955 aliwekwa wakfu Kampala kuwa askofu msaidizi wa Tanganyika ya Kati, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika Kanisa la Kianglikana la Tanganyika. Kivengere akaja kuwa askofu wa Kigezi mwaka 1972, akakimbia utawala wa Idi Amin mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Wanafunzi wake wa Dodoma, kwa upande wao, ndio waliokuja kuendesha makambi ya miaka iliyofuata.

Yafaa nitaje kwa kupita yale ya Kongwa, kwa maana yalitukia katika miaka hiyo hiyo na karibu na kituo cha zamani cha misioni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kulima karanga katika eneo kubwa la pori. Hadi mpango ulipoachwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea takriban pauni milioni 36. Mvua ilikuwa ile ile ya siku zote, na udongo uligeuka mgumu kama saruji mara ulipokauka. Wazee wa Kongwa waliona yote hayo kwa utulivu. Wamisionari, waliokwisha kuishi hapo miaka mingi, hawakuwa werevu kuliko wahandisi wa karanga. Walikuwa wamewahi kufika tu, na walikuwa maskini mno kiasi cha kutoweza kuipuuza nchi.

Chini ya Askofu Stanway, aliyetumikia tangu 1951 hadi 1971, shule zikaongezeka, na nyumba ya vitabu ya Central Tanganyika Press, iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1954, ikawapa walimu wa kambi kitu cha kushika mkononi. Wanafunzi wa sekondari wakapata umoja wao, UKWATA, na mikutano yao mikubwa ikawa wakati wa Pasaka. Mpango huo uliwafaa wanafunzi wa bweni, ambao Pasaka huwakuta shuleni na jiko la shule liko wazi. Lakini kijijini Pasaka ni wakati ambao uwele umeanza kukomaa na kila mtoto anahitajika juu ya dungu kuamia ndege tangu macheo. Ndiyo maana hata leo yapo makambi ya aina mbili katika nchi hiyo, ya wasomi wakati wa Pasaka na ya wanavijiji baada ya mavuno, na mwenye kuyachanganya hupata watu nusu.

Mwaka 1970 na 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kutoka katika tembe zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Wengi waliumia kwa jambo hilo, na mifugo ikapungukiwa na malisho. Ila kwa mwinjilisti matokeo yalikuwa kwamba watu ambao zamani alihitaji wiki tatu kuwazungukia sasa walikuwa mahali pamoja. Safari ya hema ikafa kifo cha kimya. Mwaka huo huo wa 1971 Yohana Madinda akawa askofu wa Tanganyika ya Kati, na wamisionari waliobaki wakawa walimu wa vyuo, madaktari na wahasibu chini ya uongozi wa wenyeji. Kambi ikahama kutoka mikononi mwa mgeni kwenda kwa halmashauri ya kanisa, pamoja na ugomvi wote wa halmashauri.

Nao Waadventista Wasabato, ambao kazi yao nchini ilianzia Upare mwaka 1903, wana makambi yao ya kila mwaka, juma zima tangu Sabato hadi Sabato, yenye asili ya mikutano yao ya mahema iliyoanza Marekani mwaka 1868, mwaka ule ule wa mchanga wa Llandudno. Hao kwa nidhamu ya saa, usafi wa viwanja na uimbaji wa kwaya wamewashinda wengi, na si Wasabato peke yao wanaokwenda kusikiliza. Katika habari ya nyimbo, hata hivyo, Waanglikana wa Ugogo wana lao la kujivunia: sauti za Kigogo zenye kujibizana, ambazo wamisionari wa kwanza walizifungia nje ya mlango pamoja na zeze na ngoma, zimerudi ndani kwa mikono ya watunzi wa kwaya za vijijini, na kambi ya siku hizi isiyo na nyimbo hizo haina watu. Kipaza sauti ndicho kilichoharibu kidogo. Sauti nne zilizopangwa kwa ustadi huingia katika mtambo wa kukodi zikatoka moja, tena yenye kukoroma.

Maji sasa huja kwa boza, na mahindi yamechukua nafasi ya uwele katika masufuria mengi. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, chini ya Askofu Mdimi Mhogolo aliyeiongoza tangu 1989 hadi alipofariki mwaka 2014, ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kuwapa wanawake ukasisi, na leo si ajabu kumwona mama kasisi akiwafundisha vijana 300 chini ya mwarobaini asubuhi. Saa nne unusu, akiisha kufunga kwa sala, yaelekea utamkuta jikoni akiuliza chumvi iko wapi, kwa kuwa zamu ya kupika ingali ya wanawake. Wasichana wameanza kulisema jambo hilo katika vikao vya tathmini, kwa heshima lakini bila ya kumung'unya, na katika makambi mengine wavulana tayari wamepangiwa zamu ya kusonga ugali, ambao siku ya kwanza huwa na mabuje.